Nina mimba ya wiki nane na natumia dawa za baipola: niziache zote?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Morogoro. Mwaka 2019, siku kumi baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, niliugua nikalazwa. Nilikuwa silali, naongea usiku kucha, nikiamini kwamba mtoto amebadilishwa. Baadaye niliambiwa ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Manesi walinikataza kunyonyesha kwa sababu ya dawa, mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo. Sasa natumia Epilim mg 500 asubuhi na jioni, na olanzapini mg 10 usiku. Kwa miaka mitatu niko vizuri kabisa na biashara yangu inakwenda. Wiki iliyopita nimepima, nina mimba ya wiki nane. Kliniki wameniambia dawa za akili ni sumu kwa mtoto, niache zote. Nimeziacha siku nne sasa. Mume wangu anasema nivumilie tu mpaka nijifungue. Ila tangu juzi napata usingizi wa masaa mawili matatu. Je, nimeshamdhuru mtoto? Na huyu nitaruhusiwa kumnyonyesha?

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa ujauzito.

Nianze na la haraka. Kwa mtu mwenye historia yako, kulala masaa mawili matatu siku chache baada ya kuacha dawa sio uchovu wa mimba changa. Mimba changa huleta usingizi, haiufukuzi. Olanzapini irudie usiku wa leo kwa dozi ile ile ya mg 10. Epilim usiirudie. Kesho asubuhi nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili, ubebe maboksi ya dawa zote mbili na kadi ya kliniki, na mume wako awe pembeni yako. Ukiona mawazo yanakimbia, unamshuku mtu, au unasikia sauti, usisubiri asubuhi.

Kuna sharti moja katika hilo la Epilim. Kama umewahi kuanguka kifafa, hata mara moja, basi usiiache kwa neno langu. Dawa hiyo ni ya kifafa pia, na ikikatwa ghafla degedege linaweza kumuua mama na mtoto pamoja. Wewe umesema unaitumia kwa baipola tu, ndiyo maana najibu hivi.

Sasa nikueleze kwa nini dawa mbili zilizokaa kwenye mfuko mmoja nazitolea hukumu mbili tofauti. Kosa la ushauri uliopewa liko hapo hapo. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa "dawa za akili" ambacho ama ni salama ama ni sumu. Kuna dawa hii, kwa mama huyu, katika wiki hii ya mimba.

Epilim ni sodiamu valproeti. Katika dawa zote ninazoandika kwenye kazi yangu, hii ndiyo ambayo sitaki kumwona nayo mwanamke anayeweza kushika mimba. Mama yeyote, hata asiyemeza chochote, ana uwezekano wa watoto 2 au 3 kati ya 100 kuzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Kwa valproeti idadi hiyo hufika 10 au 11. Miongoni mwa kasoro hizo ni mgongo wazi, mdomo sungura, kasoro za moyo na za njia ya mkojo. Lakini kinachonitisha zaidi ni kile ambacho altrasaundi haikioni: watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kukua kiakili. Huchelewa kuongea na kutembea, hupata shida shuleni, na usonji hujitokeza kwao zaidi. Dozi ikiwa kubwa hatari huongezeka, ila hakuna dozi inayojulikana kuwa salama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wanawake na wasichana wenye uwezo wa kuzaa wasiandikiwe dawa hii. Uingereza tangu 2018 hairuhusu mwanamke wa umri wa kuzaa kuitumia bila mpango maalumu wa kuzuia mimba. Huku kwetu bado inaandikwa kwa mkono mwepesi, kwa sababu inapatikana na inafanya kazi. Kukwambia uitumie miaka yote hiyo bila mtu kukuuliza kuhusu uzazi wa mpango ni kosa letu sisi tulioandika, sio lako.

Umeuliza kama umeshamdhuru. Sitakudanganya kwa kukutuliza, lakini pia hesabu iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Kliniki huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mtoto ana umri wa wiki sita hivi tangu atungwe. Mfereji unaokuja kuwa uti wa mgongo na ubongo hufunga ifikapo wiki ya nne hivi baada ya kutungwa. Lililokuwa litokee kwenye mgongo limeshatokea au halikutokea, na kwa watoto walio wengi halikutokea. Ubongo wenyewe, hata hivyo, unaendelea kujengwa mpaka siku ya kuzaliwa na baada yake. Ndiyo maana sikubali hoja ya "madhara yameshapita, endelea tu". Kila mwezi bila valproeti ni faida kwa mtoto huyu. Omba altrasaundi ya kuangalia maumbile kati ya wiki ya 18 na 22, na mwambie mpimaji kwa mdomo wako kwamba ulitumia valproeti mpaka wiki ya nane, ili aangalie mgongo, moyo na uso kwa makini. Kama hospitali yako haina mpimaji mzoefu wa hilo, hapo ndipo pa kwenda Muhimbili.

Tukija kwenye olanzapini, hadithi ni nyingine kabisa. Inapita kondo la nyuma, ndiyo, mtoto anaipata. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016, uliofuatilia mimba zaidi ya milioni moja, haukukuta kwamba olanzapini inaongeza kasoro za kuzaliwa. Shida yake iko kwa mama: inaongeza uzito na inapandisha sukari. Kwa hiyo upimwe sukari mapema, na urudie kati ya wiki ya 24 na 28 hata kama ya kwanza ilikuwa nzuri. Ugali na wali punguza kidogo, soda acha. Njaa ya olanzapini ya saa nne usiku naijua kwa kusimuliwa na wagonjwa wengi, wengine huamka kumalizia kiporo. Weka karibu matango au karanga chache kuliko chapati.

Kwa nini basi usikae bila dawa yoyote kwa tahadhari? Kwa sababu ugonjwa nao unafika tumboni. Mwaka 2007 huko Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 89 wenye baipola waliofuatiliwa wakati wa mimba. Walioacha dawa za kutuliza hisia walirudiwa na ugonjwa mara mbili zaidi ya walioendelea, na walioacha ghafla, kama ulivyofanya wewe, walirudiwa haraka kuliko walioacha polepole. Ule usemi wa mtaani kwamba mimba inamlinda mwanamke na kichaa hauna ukweli. Mama aliyepandisha hali, yaani aliyechangamka kupita kiasi kwa ugonjwa, hataki chakula, halali, haendi kliniki, anaweza kutembea barabarani usiku. Aliyezama kwenye sonona anaweza kujiua. Nchini Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa, kujiua ndiko kunakoongoza kuwaua kina mama kati ya wiki ya sita na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Mume wako anapokwambia uvumilie, mwonyeshe aya hii. Si suala la uvumilivu. Alikuwepo 2019, anajua.

Na 2019 ndiyo inayonifanya niwe mkali. Ulichopata siku ya kumi ni kichaa cha uzazi. Kwa kina mama wote kwa jumla humpata 1 au 2 kati ya 1,000. Kwa mwenye baipola ambaye kimeshampata mara moja, uwezekano wa kukipata tena ni karibu nusu kwa nusu. Sisemi hivi ili ukose usingizi zaidi. Nasema kwa sababu uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wenye baipola waliokaa bila dawa wakati wa mimba, 66 kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa baada ya kujifungua. Waliotumia dawa walikuwa 23. Hakuna kitu kingine mkononi mwangu chenye uzito wa namna hiyo.

Nesi wa kliniki usimlaumu sana. Fungua boksi la olanzapini, kunjua kile kikaratasi chembamba, utakuta kimeandikwa kwa herufi za kuumiza macho kwamba isitumike kwa mjamzito ila pale faida inapozidi hatari. Karibu kila dawa ina sentensi hiyo. Imeandikwa na kampuni kujikinga na mahakama, haikupimi wewe. Zamani kulikuwa pia na herufi za Kimarekani za kupanga hatari ya dawa kwa wajawazito, A, B, C, D na X, ambazo vitabu vingine vya mfukoni bado vinazo. Wamarekani wenyewe walianza kuziondoa mwaka 2015, kwa sababu watu walikuwa wakizisoma kama alama za mtihani.

Mambo mawili ya kliniki ambayo huenda hakuna atakayekuunganishia. La kwanza ni kichefuchefu. Ukienda kulalamika unatapika, kuna uwezekano mkubwa upewe Plasil. Usiimeze pamoja na olanzapini: zote mbili zinagusa sehemu moja ya ubongo, na pamoja zinaweza kukukaza shingo na taya. Waambie wakupe promethazini, ukijua kwamba nayo itakulaza. La pili ni vidonge vya foliki. Mama aliyetumia valproeti mara nyingi huandikiwa foliki ya mg 5, na ni sawa katika wiki hizi za mwanzo, ingawa haifuti madhara ya valproeti. Lakini ukifika muda wa kumezeshwa SP kwa ajili ya malaria, kuanzia wiki ya 13, dozi hiyo kubwa ya foliki inaiua nguvu SP. Kwa hiyo kabla ya SP ya kwanza, muulize daktari akurudishe kwenye FEFO ya kawaida ya kliniki, kile kidonge cha kuongeza damu, ambacho foliki yake ni ndogo na haigombani na SP.

Inawezekana olanzapini peke yake isitoshe baada ya kuondoa Epilim. Daktari ataamua: kuipandisha, au kubadili kwenda kwetiapini kama inapatikana, au haloperido, ambayo ni ya zamani, ya bei nafuu na imeshatumiwa na wajawazito wengi sana. Lamotrijini ni nzuri kwa mtoto, lakini hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi kwa kuogopa upele mbaya wa ngozi, na haizuii kupandisha hali kwa haraka, kwa hiyo haitakuokoa mwezi huu. Kabamazepini, ile Tegretol, nisingeikubali: nayo ina hatari ya mgongo wazi, ndogo kuliko ya valproeti lakini ipo. Na muuzaji wa duka la dawa akikwambia "olanzapini imeisha, chukua hii inafanana", usichukue. Piga simu kwanza.

Kujifungua, jifungulie hospitali, na waombe wasikuruhusu siku ile ile. Watoto waliokuwa wakipata dawa hizi tumboni siku za mwisho wakati mwingine hutetemeka, hulegea au hukaza misuli, au hunyonya kwa uvivu, na wachache hupata shida ya kupumua. Mara nyingi huisha ndani ya siku chache bila dawa, lakini awepo mtu wa kuangalia. Usiache olanzapini wiki ya mwisho eti ili mtoto azaliwe msafi. Hapo ndipo unapoihitaji kuliko wakati wote.

Kunyonyesha sasa. Utamnyonyesha, mama.

Wataalamu hupima hivi: wanalinganisha dozi anayoipata mtoto kwenye maziwa, kwa kila kilo ya uzito wake, na dozi ya mama kwa kila kilo yake. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida inakubalika kwa mtoto mzima wa afya. Olanzapini iko kwenye 1 au 2. La kushangaza ni kwamba hata valproeti, iliyo mbaya vile tumboni, hupita kidogo kwenye maziwa. Shida yake kwa mama anayenyonyesha ni mimba itakayofuata. Kwa hiyo katazo la 2019 huenda halikuwa na haja, ingawa ukiwa wodini katika hali ile pengine usingeweza kunyonyesha hata hivyo. Mtoto aliyekua kwa kopo amekua, usijihukumu. Lakini huyu asinyimwe ziwa kwa hofu tu: kopo lina gharama, na maji yasiyochemshwa vizuri yana hatari yake, inayoonekana kila siku kwenye wodi za watoto wenye kuhara.

Uangalie nini? Mtoto anayelala kupita kiasi mpaka hashtuki kunyonya, anayenyonya dakika mbili anaachia, asiyeongezeka uzito kliniki, au mwenye mitetemo. Ukiona hivyo, mpeleke, usijiachishie dawa mwenyewe. Akizaliwa njiti au na uzito mdogo, hesabu inabadilika kwa sababu ini na figo zake bado changa, zungumza na daktari wa watoto kwanza.

Kuna jambo ambalo nalipa uzito kuliko asilimia zote hizo: usingizi wako wa usiku. Kwa baipola, kukesha peke yake kunatosha kuwasha ugonjwa. Nyonyesha saa 3 usiku, meza olanzapini, kisha lala. Mlo wa saa 7 usiku mpe mume wako au mama yako, kwa maziwa uliyokamua mchana, kwa kikombe kisafi. Kama hamna friji, kwa joto la Morogoro maziwa yasikae nje zaidi ya masaa manne, kwa hiyo kamua hapo hapo saa 3, kabla tu ya kulala. Mnyonyeshe tena alfajiri. Na najua watoto wetu hulala ubavuni mwa mama, lakini wewe unatumia dawa ya usingizi mzito. Mtoto alale kwenye kitanda chake kidogo upande wa baba au wa bibi, asilale chini ya mkono wako.

Mpango huu uandikwe kabla ya wiki ya 32, kwenye karatasi moja, ubandikwe ndani ya kadi ya kliniki: dawa zako na dozi, namba ya simu ya daktari wako wa akili, jina la atakayekaa nawe wiki mbili za kwanza, na dalili zako mwenyewe za mwanzo. Zako unazijua: kutolala hata mtoto akilala, kuongea mfululizo, na lile wazo la mtoto kubadilishwa. Likitokea hata moja, ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, kama vile kutoka damu.

Kwa wasomaji wengine watakaopita hapa na dawa tofauti, kwa kifupi. Mwenye sonona anayetumia fluoksetini, setralini au amitriptilini asiache ghafla. Katika utafiti wa Marekani wa 2006 uliofuata wajawazito 201 waliowahi kuugua sonona, 68 kati ya 100 ya walioacha waliugua tena, dhidi ya 26 kati ya walioendelea. Kwenye kunyonyesha setralini ndiyo inayopita kidogo zaidi, fluoksetini hujikusanya kuliko wenzake, ila kama ndiyo iliyokuponya sio lazima ubadili. Lithiamu ina hatari ndogo ya kasoro za moyo inayopanda na dozi, hutaka kupimwa damu mara kwa mara, na kunyonyesha nayo kunahitaji mtoto naye apimwe. Klozapini ndiyo dawa ninayosema usinyonyeshe nayo. Diazepamu isiwe ya kila siku, humfanya mtoto azaliwe mlegevu. Na anayetumia kabamazepini pamoja na ARV zenye dolutegravir amwambie daktari leo, kwa sababu inaishusha dolutegravir kwenye damu.

Nirudi kwako kwa swali ambalo hukuuliza lakini litakuja wodini: uzazi wa mpango. Kijiti kinakwenda vizuri na olanzapini, na lupu pia. Kabamazepini hukidhoofisha kijiti, hivyo kama mtu atakubadilishia dawa huko mbele, mkumbushe kwamba una kijiti mkononi. Epilim usiikubali tena, hata kama aliyekuandikia ni bingwa, mpaka mmalize mazungumzo kuhusu mimba. Na mkiamua mtoto wa tatu, onana na daktari wako miezi mitatu au minne kabla ya kukitoa kijiti, mkiwa wawili.